Mifupa inayopungua, na mkono uliovunjika "kwa ajali tu"

Swali: "Nina umri wa miaka 56, na hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 51. Mwezi uliopita nilipimwa mifupa kwa mashine, nikaambiwa kwamba nyonga ina alama ya −1.9 na uti wa mgongo −2.1, kwamba mifupa yangu imeanza kupungua lakini bado si ugonjwa. Nimechanganyikiwa, kwa sababu kipimo cha damu kilionyesha kuwa kalsiamu yangu iko sawa kabisa. Tangu siku hiyo nameza kila siku vidonge viwili vya kalsiamu vya miligramu 600, nakunywa maziwa na mtindi kama kawaida yangu, na nimeacha kubeba kitu chochote kizito kwa kuogopa kuvunjika. Magoti yananiuma ninapopanda ngazi, kwa hiyo naamini mifupa imeanza kusagika. Marehemu mama yangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 74, alipoamka usiku akaanguka, na hakutembea tena. Mimi sijawahi kuwa na tatizo la mifupa, ukiacha mkono niliovunjika karibu na kiganja miaka mitatu iliyopita nilipoteleza kwenye sakafu yenye maji, ila ile ilikuwa ajali tu. Je, nianze dawa au niendelee na kalsiamu? Ni kweli kwamba dawa hizo huharibu taya? Mume wangu, mwenye miaka 63 na anayesumbuliwa na pumu, hunicheka kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake. Nina binti wa miaka 24, na ningependa asifike nilipofika."

Mama, pole kwa mashaka uliyonayo, na pole zaidi kwa yaliyompata marehemu mama yako, maana naona kwamba anguko lake linakuogofya kuliko karatasi ya vipimo. Umeuliza mengi na nitajitahidi kuyajibu yote, lakini sentensi iliyonisimamisha si ile ya alama za mashine wala ile ya kalsiamu. Ni ile uliyoipitia haraka, ya mkono. Umeiita ajali tu. Mimi siiiti hivyo, na kama ningekuwa daktari wako ningeanzia hapo.

Mfupa wa mtu mzima mwenye afya hautarajiwi kuvunjika kwa anguko la kutoka kimo cha kusimama. Aliyegongwa na gari au aliyeanguka kutoka juu ya paa, habari yake ni nyingine. Lakini mtu aliyekuwa amesimama kwa miguu yake, akateleza, akajikinga kwa kiganja, na mkono ukavunjika pale pale karibu na kifundo, mfupa wake umekwisha kusema jambo ambalo mashine ilikuja kulithibitisha miaka mitatu baadaye. Mara nyingi kifundo cha mkono hutangulia, hasa katika miaka ya hamsini, wakati mtu bado ana wepesi wa kunyoosha mkono anapoanguka. Umri unavyosonga wepesi huo hupungua, mtu huanguka kwa ubavu, na kinachopokea uzito wote huwa nyonga. Mtu aliyewahi kuvunjika kwa namna hii huwa na hatari ya kuvunjika tena iliyo takriban maradufu ya mwenzake wa rika lake ambaye hajawahi. Ndiyo maana baadhi ya miongozo ya kitaalamu humhesabu mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye alama kati ya −1 na −2.5, na aliyevunjika mkono karibu na kifundo kwa anguko dogo, kuwa tayari ana osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, hata kama mashine haijafika kwenye mpaka wake. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba "bado si ugonjwa" huenda alisoma karatasi bila kujua habari za mkono. Mrudie, umweleze.

Sasa tuzitazame hizo alama, kwa sababu zimewatisha wengi na kuwatuliza wengi isivyostahili. Mashine hupitisha mionzi hafifu sana kwenye nyonga na sehemu ya chini ya mgongo, hukadiria madini yaliyomo, kisha huulinganisha mfupa wako na wastani wa mfupa wa mwanamke kijana. Sifuri maana yake uko sawa na wastani ule. Kila namba inayoshuka chini ya sifuri inakuweka mbali nao. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka mipaka: kuanzia −2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, na kati ya −1 na −2.5 ni upungufu ambao haujafika huko. Mipaka hiyo ilihitajika ili madaktari wazungumze lugha moja, lakini mfupa wenyewe hauijui. Hakuna kinachobadilika ghafla mtu anapotoka −2.4 kuingia −2.5. Tena watu wengi wanaovunjika mifupa uzeeni wana alama zilizo juu ya −2.5, kwa sababu rahisi kwamba watu wa kundi hilo ni wengi zaidi. Mashine hupima wingi wa madini tu. Haipimi namna mfupa ulivyofumwa ndani, wala haijui iwapo unaona vizuri gizani, wala haimjui mama yako.

Ili uelewe kinachotokea, inafaa kwanza uachane na picha ya mfupa kama jiwe au mti mkavu. Mfupa ni kiungo hai chenye damu na seli, na hukarabatiwa mchana na usiku. Kwa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Kazi hiyo hufanywa na makundi mawili ya seli. Kundi la kwanza hubomoa: hujishikiza juu ya mfupa uliochakaa, humwaga tindikali na vimeng'enya, na huchimba kishimo. Kundi la pili hufuata nyuma likijaza kishimo kile, kwanza kwa utando wa protini, kisha kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yanayougandisha utando huo. Wabomoaji humaliza kazi yao kwa wiki chache tu, ilhali wajenzi huhitaji miezi kadhaa kujaza pengo lile lile. Huo ndio msingi wa tatizo zima: kubomoa ni haraka kuliko kujenga, na chochote kinachoongeza idadi ya mashimo yanayofunguliwa kwa wakati mmoja humwacha mtu na deni.

Ujanani wajenzi huwa mbele, na akiba ya mfupa huongezeka hadi kufikia kilele katika miaka ya ishirini, kabla au karibu ya kufika thelathini. Baadaye mizani hukaa sawa kwa muda, kisha huanza kuinama taratibu. Kwa mwanamke kuna jambo la ziada. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji wasizidi idadi na wasiishi muda mrefu kupita kiasi. Hedhi inapokaribia kukoma, kizuizi hicho huanza kuondoka. Upotevu huwa wa kasi zaidi kuanzia takriban mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho hadi miaka miwili hivi baada yake, kisha hupungua kasi bila kusimama, na katika kipindi chote hicho cha mpito mwanamke anaweza kupoteza kama asilimia 10 ya mfupa wa uti wa mgongo, wengine zaidi. Wewe umeshaipita sehemu kubwa ya mteremko huo mkali. Naliona hilo kuwa habari njema, ingawa najua halitakufurahisha sana.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wangu huliuliza karibu kila mara: kwa nini basi tusiurudishe mfupa wote uliopotea? Jibu liko katika umbo lake. Nje ya mfupa kuna ganda gumu, na ndani, hasa kwenye pingili za mgongo na kwenye ncha za mifupa mirefu, kuna mtandao wa vijiti vyembamba vilivyopandana kama sifongo. Seli za kujenga huweka mfupa mpya juu ya mfupa uliopo. Haziwezi kuujenga hewani. Kijiti kilichokonda kinaweza kunenepa tena. Kijiti kilichokatwa kabisa katikati, kwa sehemu kubwa, hakirudi, na vile vilivyobaki hubeba mzigo wake bila mwenza. Hii ndiyo sababu tunahimiza watu wachukue hatua mapema, na pia ndiyo sababu pingili na kifundo cha mkono, zilizojaa sifongo hiyo, hutangulia kuvunjika kabla ya nyonga.

Kuhusu damu yako: kalsiamu ya damu kuwa sawa hakumaanishi kwamba mashine imekosea. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo kwenye mifupa, na hicho kidogo kilichobaki kwenye damu na tishu nyingine kinahitajika kila sekunde ili moyo upige, misuli ijikunje na mishipa ya fahamu ipeleke taarifa. Mwili hauthubutu kukiacha kipungue. Tezi nne ndogo za shingoni, ziitwazo parathiroidi, hukilinda kiwango hicho, na kinapotaka kushuka huagiza kalsiamu itolewe ghalani, yaani kwenye mifupa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ghala linaloelekea kuwa tupu huku damu yake ikisomeka vizuri kabisa. Hata hivyo kipimo hicho hakikuwa cha bure: kalsiamu ya damu ikizidi, tungeshuku ugonjwa wa tezi hizo zenyewe, nao ni miongoni mwa magonjwa yanayokula mifupa.

Na magoti? Osteoporosisi haiumi. Hukaa kimya miaka mingi mpaka siku mfupa unapovunjika. Maumivu ya goti wakati wa kupanda ngazi, kwa mtu wa umri wako, mara nyingi hutoka kwenye kiungo chenyewe: lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa limechakaa, na hicho ndicho watu wengi hukiita kusagika kwa mifupa. Ni magonjwa mawili tofauti, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Nakueleza hivi kwa sababu nimeona watu wakimeza kalsiamu wakingoja magoti yapone, na wengine wakiamini kwamba mifupa yao ni mizima kwa kuwa hawana maumivu.

Hapa nifike kwenye kalsiamu. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku, na hesabu hiyo inajumlisha chakula. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ina kama miligramu 300, na mtindi haupishani nayo sana. Ukinywa glasi moja, ukala na bakuli la mtindi, na kuongeza kile kidogo kinachotoka kwenye mboga za majani, kunde na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, umeshapita nusu ya mahitaji kabla ya kufungua kopo la vidonge. Vidonge vyako viwili vinaongeza miligramu 1,200 nyingine, na jumla inakaribia kiwango cha juu cha miligramu 2,000 ambacho haishauriwi kukivuka. Kalsiamu ya ziada haiendi kwenye mfupa kwa sababu tu tunaitamani iende huko. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, waliopewa kalsiamu pamoja na vitamini D walipata ongezeko dogo la uzito wa mfupa wa nyonga, lakini kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka. Ushauri wangu ni kwamba uhesabu kwanza kalsiamu ya chakula kwa siku chache, kisha ujaze pengo tu kama lipo. Kwa ulivyojieleza, nusu ya kidonge hadi kidonge kimoja kingetosha, tena wakati wa mlo, kwa kuwa kalsiamu ya kaboneti huhitaji tindikali ya tumbo, na utumbo haufyonzi vizuri dozi moja inayozidi miligramu 500 hivi. Nyongeza moja tu: mchicha na jamii zake una kalsiamu, lakini pia una oksaleti inayoifunga, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Supu ya mifupa nayo ni tamu, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani.

Vitamini D huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu, na aliyepungukiwa nayo anapaswa kurekebishwa bila kuchelewa. Kiwango cha kawaida ni yuniti 600 kwa siku, na 800 kwa aliyezidi miaka 70. Kwa mtu asiye na upungufu, kuongeza zaidi hakujaonyesha faida: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2022, wenye washiriki zaidi ya 25,000, uliwapa watu yuniti 2,000 kila siku na haukupunguza kuvunjika kwa mifupa. Sindano au dozi moja kubwa ya mwaka mzima ni ya kuepuka, kwani katika jaribio lililotumia yuniti 500,000 kwa mkupuo kwa wanawake wazee, walioitumia walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao. Na usisahau protini. Utando ule ambao madini hugandia ni protini, misuli inayokuzuia usianguke ni protini, na wazee wengi hula kidogo mno. Gramu moja au zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku ni lengo zuri kwa mwenye figo nzima.

Jambo ninalotaka ulibadilishe wiki hii, kabla hata ya kumwona daktari, ni kuacha kukaa kwa hofu. Ndani ya mfupa kuna seli zilizozikwa zinazohisi mzigo. Mfupa ukibebeshwa, hutoa ishara ya kuimarishwa, na ukipumzishwa hutoa ishara ya kubomolewa. Wanaanga, wasio na uzito huko juu, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja, pamoja na ujana na afya yao. Mcheza tenisi wa miaka mingi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya wanawake waliozidi miaka 58, wenye mifupa iliyopungua, walionyanyua vyuma vizito kweli kweli na kufanya zoezi la kurukia chini mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane chini ya macho ya mkufunzi: mfupa wa mgongo uliongezeka kwa karibu asilimia 3, ilhali wale waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani ulipungua kidogo. Sisemi kwamba ukanyanyue vyuma kesho. Wale walichunguzwa kwanza na walipandishwa mzigo taratibu. Nasema kwamba mzigo ni rafiki wa mfupa, na kuukimbia kabisa ni kuharakisha kile unachokiogopa.

Anza na yaliyo salama: kutembea kwa kasi, kupanda ngazi kadiri magoti yanavyoruhusu, kuinuka kitini bila kujishika kwa mikono mara kumi mfululizo, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza unayoweza kuishika. Ongeza uzito wa mkononi pole pole, ukielekezwa na mtaalamu wa tiba ya mazoezi ukimpata. Kuogelea na kuendesha baiskeli huufaa moyo, na magoti yako yatashukuru, lakini mfupa haupati mzigo wa kutosha humo. Kitu cha kuepuka ni kuinama kwa kuukunja mgongo mbele huku umeshika uzito, hasa ukijipinda kwa wakati huo huo, pamoja na yale mazoezi ya kulala chali na kuinua kiwiliwili, kwani huziminya pingili kwa upande wa mbele, pale zinapovunjikia. Unapookota kitu, kunja magoti na nyonga, mgongo ukae wima.

Sasa dawa. Nisingekuambia uanze au usianze kwa maandishi, lakini nitakueleza ninavyopima. Una mambo matatu yanayoelekea upande mmoja: mkono uliovunjika kwa anguko dogo, mzazi aliyevunjika nyonga, na alama zilizo karibu na mpaka. Kuna kikokotoo kiitwacho FRAX, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza na kuanza kutumika mwaka 2008, kinachokusanya mambo kama hayo pamoja na uvutaji sigara, pombe na matumizi ya steroidi (dawa kama prednisoloni), kisha kinakadiria uwezekano wako wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Omba ufanyiwe hesabu hiyo. Omba pia picha ya pingili za mgongo, kwa sababu takriban theluthi mbili ya pingili zinazovunjika hupita bila mtu kujua. Hupewa jina la maumivu ya mgongo ya kawaida, au hazipewi jina lolote. Ikionekana hata moja, mjadala wa kuanza dawa au kutoanza umekwisha. Na kabla ya dawa, daktari anapaswa kutafuta wezi wengine wa mfupa: tezi ya shingo iitwayo thiroidi inayofanya kazi kupita kiasi, parathiroidi, figo, utumbo usiofyonza chakula, upungufu wa vitamini D, na wakati mwingine saratani ya uboho.

Dawa zinazotumika zaidi huitwa bisfosfoneti, na mkongwe wao anayejulikana zaidi ni alendroneti. Hujibandika kwenye mfupa, na mbomoaji anapokuja kuula humeza sumu yake mwenyewe. Kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili, alendroneti ilipunguza kuvunjika kwa pingili na kwa nyonga kwa takriban nusu. Humezwa kwa kawaida mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu hukaa wima au hutembea kwa nusu saa. Anayerudi kitandani anaweza kuunguza umio. Mwenye shida ya kumeza anaweza kupewa asidi ya zoledroniki kwa mshipa mara moja kwa mwaka. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa hizi hazifai.

Habari ya taya ni ya kweli, lakini imekuzwa. Kuna tatizo ambapo sehemu ya mfupa wa taya hufa na kubaki wazi, na kwa watu wanaotumia dozi za osteoporosisi linakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 10,000 hadi mmoja kati ya 100,000 kwa mwaka. Wengi unaowasikia walikuwa wagonjwa wa saratani waliopewa dozi kubwa zaidi na za mara kwa mara. Nenda kwa daktari wa meno kwanza, ung'oe la kung'olewa, kisha uanze. Kuna tatizo jingine, la mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida baada ya matumizi ya miaka mingi, nalo ni nadra. Ndiyo sababu baada ya miaka 5 hivi ya vidonge, au 3 ya dripu, daktari huketi na mgonjwa na kuamua kama apumzike. Ukiweka hatari hizo kwenye mizani na nyonga iliyovunjika, ambayo huwaua kama mtu mmoja kati ya watano ndani ya mwaka wa kwanza, kwa mtu mwenye hatari kubwa mizani haibishaniwi.

Kwa umri wako kuna njia ya pili ya kuzungumzia, nayo ni tiba ya homoni. Huzuia upotevu wa mfupa na kupunguza kuvunjika, na kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, hasa anayesumbuliwa pia na joto la ghafla na kutokwa jasho usiku, manufaa yanaweza kuzidi madhara. Haimfai aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, kuganda kwa damu au kiharusi. Pia ipo sindano ya kila miezi sita iitwayo denosumabu. Ni nzuri, ila ina sharti moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: ukiichelewesha au kuiacha bila kubadilishiwa dawa nyingine, wabomoaji hurudi kwa kishindo, na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo. Asiye na uhakika wa kuipata kila baada ya miezi sita ni afadhali asiianze. Dawa zinazojenga mfupa mpya zipo pia, lakini huwekewa wenye hali mbaya kuliko yako.

Usitazamie alama zipande sana. Dawa nyingi huongeza kidogo tu, na lengo ni kutovunjika. Kipimo kirudiwe baada ya mwaka mmoja hadi miwili, kwa mashine ile ile, kwa sababu tofauti ndogo kati ya mashine mbili inaweza kuonekana kama ugonjwa umeongezeka au umepona.

Nirudi kwa mama yako, aliyeamka usiku akaanguka. Zaidi ya asilimia 90 ya nyonga zinazovunjika huvunjika kwa anguko, kwa hiyo nusu ya tiba haimo hospitalini. Weka taa unayoifikia kutoka kitandani. Futa maji sakafuni kabla hujapita, ondoa zulia linaloteleza, vaa viatu vilivyoshika mguu. Pima macho. Mwonyeshe daktari dawa zako zote, za usingizi na za presha zikiwemo, maana zipo zinazomfanya mtu ayumbe anapoinuka.

Usingoje miadi ikiwa utapata maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinama, kukohoa au kunyanyua kitu, au ukianguka ukashindwa kuukanyagia mguu. Maumivu ya mgongo yakifuatana na ganzi au udhaifu wa miguu, au ukashindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Ukiwa kwenye dawa, maumivu mapya ya paja au kinena yasemwe mapema. Na pima kimo chako: aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujanani anahitaji picha ya mgongo hata kama haumwi popote.

Binti yako yuko katika miaka ya mwisho ya kuweka akiba. Urithi huamua sehemu kubwa ya kilele cha mfupa, lakini asijinyime chakula ili akonde, asivute sigara, acheze michezo ya kukimbia na kuruka, na hedhi yake ikikatika kwa miezi kadhaa bila ujauzito asilichukulie kuwa nafuu; estrojeni ikikosekana akiwa na miaka 24 hubomoa mfupa kama inavyobomoa ikikosekana kwa miaka 51.

Na huyo mzee anayecheka, msomee aya hii. Baada ya miaka 50, takriban mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano huvunjika mfupa kwa sababu ya osteoporosisi, na wanaume wanaovunjika nyonga hufariki kwa wingi kuliko wanawake. Yeye ana pumu. Dawa ya kuvuta kwa kiwango cha kawaida haisumbui sana mifupa, lakini vidonge vya prednisoloni vikitumiwa kila siku kwa miezi 3 au zaidi hubomoa mfupa, tena kwa kasi kubwa katika miezi ile ya mwanzo, na kozi fupi fupi za mara kwa mara nazo hujumlishwa. Asiziache kwa hiari yake, kwa sababu pumu huua haraka kuliko mifupa. Siku utakayorudi kwa daktari na habari ya mkono wako, nenda naye, abebe dawa zake zote mfukoni, naye aulizwe kama amewahi kupimwa.